Bendera ya Jumatano

Kufuli lilikuwa zima. Lilifunguliwa kwa ufunguo wake, likafungwa tena kwa ufunguo wake, na ndani bendera hakuna.

Inspekta Araba Quansah alilishika, akaligeuza, akaliachia. "Nani ana ufunguo?"

"Mmoja ninao mimi," alisema Supi Bondzie, mkuu wa Kampuni ya Pili. "Wa pili anao mchezaji bendera wetu, Ekow Tawiah. Yule mliyemkamata asubuhi hii kwa amri ya mkuu wa wilaya, hata chai hajanywa."

Hapa niseme mapema, msije mkasema nimewaficha. Mimi ni mtu wa Kampuni ya Pili. Kampuni zetu ni za asafo, majeshi ya mtaa ya tangu enzi za mababu, na mtu hufuata ya baba yake. Mji wetu wote wa Mpoano unajua kwamba Kampuni ya Pili ndiyo kampuni. Hao wa Kampuni ya Kwanza wana ngoma nzuri, nawapa hiyo, nyingine sina. Sasa huyu Inspekta Araba, kwa bahati yetu mbaya, marehemu baba yake alikuwa wa Kampuni ya Kwanza. Tulipomwona anashuka kwenye gari la polisi watu waliguna, na mimi niliguna kuliko wote.

Ilikuwa Jumanne, siku ambayo bahari inapumzika na hakuna mtumbwi unaotoka. Wanaume wote walikuwa nyumbani, wanashona nyavu na kusengenya. Kesho yake ilikuwa tarehe sita Machi. Tarehe hiyo sisi imetupata mara mbili. Tarehe sita Machi 1844 wazee wa pwani waliweka alama zao kwenye mkataba wa Waingereza, na ilikuwa Jumatano. Tarehe sita Machi 1957 Ghana ikajitawala, na ilikuwa Jumatano. Na mwaka huu tena, Jumatano. Hapa kwetu hata mtoto wa chekechea atakwambia: Jumatano ilitufunga, Jumatano ikatufungua.

"Nieleze kuhusu bendera yenyewe," Inspekta alisema.

Supi alinyoosha mgongo. Ukitaka kumwona mzee yule anarudi ujana, mwulize habari hiyo. "Ilikuwa na bendera ya Mwingereza pembeni, kama zote za zamani. Usiku wa kuamkia uhuru, fundi wetu Egya Kwamena Sam akaifumua ile pembe, uzi baada ya uzi, akashona nyekundu, manjano na kijani, na nyota nyeusi katikati. Mkewe yuko chumba cha pili, ana uchungu wa kuzaa. Fundi anakata uzi wa mwisho kwa meno, mtoto analia. Hapakuwa na kitambaa kingine safi karibu, wakamfunika kwa bendera. Wakamwita Ekua, maana ni wa Jumatano."

"Nana Ekua muuza dokono?"

"Huyo huyo. Na ukiishika ile bendera juani, mama, matundu ya sindano ya zamani unayaona mpaka leo. Mwingereza ametoka, amebakiza matundu tu!"

Inspekta hakucheka. Alipiga goti kizingitini, akagusa saruji, akanusa kidole. Akamwita Konstebo Lamptey, kijana wa Accra aliyehamishiwa kwetu majuzi. "Nusa."

Lamptey akanusa. "Pombe kali, Afande. Mwizi alikuwa mlevi."

"Mlevi humwaga popote. Hii imemwagwa sehemu tatu, katikati ya kizingiti. Mtu huyu aliomba ruhusa kwa wazee waliolala kabla ya kuingia." Akaingia ndani. Fimbo ya mwanzi ya bendera ilikuwa ukutani. Kitambaa cheupe cha kuifungia kilikuwa rafuni, kimekunjwa vizuri pembe kwa pembe. Alivitazama vitu hivyo viwili kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kufuli.

"Kikulacho kinguoni mwako," Lamptey alisema, akijipendeza kwa methali. "Ni mtu wa humu humu."

"Inawezekana. Lakini tusimfunge mtu kwa methali."

Simu yake ililia. Alikuwa Mheshimiwa Ghansah, mkuu wa wilaya, na sauti yake tuliisikia sote. "Inspekta, nataka bendera na mwizi, vyote viwili, kabla ya gwaride! Nina wageni kutoka mkoani. Yule mchezaji alinitukana mbele ya kamati. Kesho gwaride likiisha tu, apelekwe kortini."

"Alikutukana vipi, mheshimiwa?"

"Nilimwambia katika maigizo yetu bendera itainama mbele ya gavana. Akaniambia mguu wake hauna goti."

Simu ilipokatika, Inspekta alimgeukia Supi. "Maigizo gani haya?"

Mzee alitema mate pembeni. "Ya 1844. Mwalimu Pratt atavaa kofia ya manyoya, awe gavana, akae kitini. Sisi tupite na bendera, tuilaze miguuni pake. Eti historia. Bendera ile ile iliyomfumua Mwingereza, tarehe ile ile, Jumatano ile ile! Nilikataa. Akasema basi hatutapita kabisa, wapite Kampuni ya Kwanza peke yao. Ningefanya nini? Nikanyamaza."

"Na malalamiko ya wizi aliandika nani?"

"Aliandika yeye. Mimi niliambiwa nitie sahihi."

Inspekta alitikisa kichwa taratibu. Sisi tuliokuwa nje tulijua kilichokuwa hatarini, na yeye alikijua pia, maana sheria zetu zinafanana. Mtu akishatiwa hatiani kwa wizi, hata wa kuku, haigusi tena bendera ya kampuni yoyote maisha yake yote. Na Ekow Tawiah hana kingine. Si mvuvi mzuri, shule ilimshinda, kuoa bado. Lakini akiinua ile bendera, wallahi, hata mahasimu wanaacha kutafuna.

Kulikuwa na njia mbili za kufuata kwanza, na Inspekta alizifuata zote ili asije akasemwa. Ya kwanza ilikuwa ya Lamptey. Kuna muuza vitu vya kale kutoka mjini aliyekuwa akipiga picha bendera zetu wiki nzima. Lamptey alimsimamisha kwenye kizuizi cha barabara, akafungua buti, akapiga kelele za ushindi. Zilikuwa bendera kumi na kitu.

Inspekta aliinua moja, akapitisha kidole gumba pembeni. "Uzi wa nailoni. Hii ina umri wa mbuzi wa mwaka jana. Bwana, hizi unamuuzia nani?"

"Wazungu, mama."

"Na unawaambia ni za lini?"

Yule bwana akaangalia viatu vyake. Inspekta akamwambia Lamptey aandike jina lake, kesi nyingine siku nyingine, na amwache apite.

Njia ya pili ilikuwa chungu zaidi. Alikwenda mtaa wa Kampuni ya Kwanza, kwa mkuu wao, Supi Kojo Essel, ambaye ni mdogo wa baba yake wa kumzaa. Mzee alikuwa kivulini mwa mtumbwi wake, anachonga kasia.

"Egya, baba mdogo, asubuhi hii ulionekana karibu na nyumba ya bendera ya Kampuni ya Pili."

"Nilikwenda kukojoa. Ukutani kwao kuna hewa nzuri."

"Egya!"

"Sasa unataka niseme nini, mwanangu? Kwamba nimeiba? Sikiliza. Sisi tukitaka bendera ya wale watu tutaichukua mchana, ngoma zinalia, mbele ya wake zao. Kuiba kwa ufunguo ni kazi ya makarani." Akapuliza vumbi la mti. "Halafu, mtu wetu akimwagia pombe miungu yao, mkono si utakauka?"

Inspekta alisimama. "Pombe umejuaje?"

"Mpoano hii! Ulinusa kidole saa mbili, saa mbili na robo mke wangu anajua." Kisha sauti ya mzee ikashuka. "Araba. Watu wa huko wanasema utatulinda sisi kwa sababu ya baba yako. Usitulinde. Tukikosa, tukamate. Lakini hatujakosa."

Nilisimuliwa maneno hayo baadaye na mtu aliyekuwepo, na nilichukia kwamba yalinipendeza.

Mahabusu, Ekow alikuwa ameketi ameegemea ukuta, miguu mirefu imenyooka mbele. Kwa kawaida ukimkuta Ekow ananyamaza, mpime homa. Siku ile alikuwa kimya kama jiwe.

"Ufunguo wako uko wapi?"

Ekow aliikunja miguu, akaikunjua.

"Ulimpa nani?"

"Mimi ni mchezaji, mama. Ongea na miguu yangu."

"Unajua kesho unapelekwa kortini? Unajua ukitiwa hatiani nini kitafuata?"

"Najua. Bora nisiishike tena kuliko niishike nimeiinamisha."

Inspekta alivuta kiti, akakaa, akapiga mwayo kama mtu aliyechoka na kazi. "Basi yaishe. Nitawaambia vijana wangu wapekue majumbani. Bila shaka imelazwa chini ya kitanda cha mtu, na masanduku na viatu."

Ekow aliruka wima. "Chini ya kitanda? Bendera ya Kampuni ya Pili? Labda ya kwenu huko! Yetu ikitoka nyumbani kwake hailazwi, Afande. Haiwekwi chini, haiwekwi kabatini, haitiwi guniani. Inabebwa na mtu mpaka irudi. Hata mtu akichoka, anapokea mwingine. Wewe ni mtoto wa mjini hapa, hujui?"

"Nilikuwa nimesahau," alisema Inspekta. "Asante."

Alikuwa mlangoni tayari kijana alipojishika mdomo. Jamani, wengine hukamatwa kwa alama za vidole. Mtu wetu alikamatwa kwa sababu hakuweza kuvumilia bendera yake itukanwe. Na mimi simlaumu, ningeropoka zaidi yake.

Nje, Lamptey alikuwa amechanganyikiwa. "Afande, sijaelewa. Kwa hiyo iko wapi?"

"Fikiri. Fimbo imeachwa, kwa hiyo hakuna anayeipeperusha. Kitambaa cha kufungia kimeachwa, kwa hiyo haikufungwa furushi. Na mtu aliyeomba ruhusa mlangoni hawezi kuilaza popote, mila haimruhusu. Imebaki nini?"

Lamptey alifikiri mpaka akakunja uso. "Mtu anatembea nayo?"

"Mtu ameivaa. Twende tukale, nina njaa."

Nana Ekua Sam anapika dokono, madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, bora kuliko yote pwani nzima, na atakayebisha aje tubishane. Jumanne, wavuvi wakiwa nyumbani, ndiyo siku yake kubwa. Siku zote utamkuta ameinamia sufuria, moshi machoni, anawatukana wateja kwa mapenzi. Siku ile sufuria ilikuwa na mpwa wake. Nana mwenyewe alikuwa mbali na moto, juu ya kiti kirefu, amekaa wima kama yuko kanisani. Joto lilikuwa la kukaanga mayai barabarani, na yeye amejifunga nguo mbili nzito na shali juu. Jasho lilimtiririka shingoni.

Inspekta alipewa dokono, samaki wa kukaanga na pilipili. Akala. Mwiko wa Nana ukateleza kutoka mapajani, ukaanguka. Nana aliutazama pale chini, hakuinama. Inspekta akauokota, akampa.

"Nana, leo moto umekukosea nini?"

"Uzee, mwanangu."

"Jumanne iliyopita nilipita hapa. Uzee haukuwepo."

"Umenijia juzi. Uzee hauna hodi."

"Lamptey," Inspekta alisema bila kugeuka, "nenda kaniongezee pilipili. Mbali." Kijana alipoondoka, akasogeza kiti. "Nana, usipokunywa maji utaanguka. Unakunywa kidogo ili usitoke jasho jingi likailowesha. Uko mbali na moto ili isishike moshi. Huinami ili isikunjike. Umeivaa tangu asubuhi?"

Bibi yule hakushtuka. Alimtazama Inspekta kuanzia kichwani mpaka viatu vya kipolisi, akatabasamu kwa upande mmoja. "Wewe ni mtoto wa Quansah kweli. Baba yako naye alikuwa na macho ya kunguru. Sasa unataka nini? Nivue hapa, wavuvi wapate sinema?"

"Nataka nijue kwa nini."

"Kwa nini!" Mkono ulimpiga kifuani, juu ya shali. "Ndiyo nguo ya kwanza kunigusa katika dunia hii. Baba yangu alivimba vidole kuifumua. Leo kijana amesoma vitabu viwili anataka tarehe yangu ya kuzaliwa aitumie kuilaza nguo hii miguuni mwa Pratt! Pratt niliyemfuta kamasi! Kama ni lazima iiname Jumatano, basi Jumatano waikose. Nilimwomba Ekow ufunguo, akanipa kwa mkono wake. Nikamwaga pombe, nikawaambia wazee naichukua, nitairudisha. Hawakukataa."

"Ekow atafungwa."

Hapo ndipo Nana alipoyumba. "Nilimwambia akikamatwa aniseme. Mjinga yule, amekataa?"

"Amekataa. Nana, sikiliza vizuri. Mwenye ufunguo amempa mtu wa kampuni. Mtu wa kampuni ameomba ruhusa, ameingia, amefunga. Huo wizi uko wapi? Ni Supi peke yake anayeweza kusema mali ya kampuni imeibiwa au haikuibiwa. Kesho nitamuuliza mbele ya watu. Wewe uwepo."

"Na ikishatoka mwilini mwangu, itainama?"

"Mimi ni polisi, Nana. Sina amri juu ya bendera. Anayo anayeicheza."

Nana Ekua alifikiri. Kisha akamwita mpwa wake kwa sauti iliyojaa mtaa. "Mwongezee Inspekta samaki! Amekonda kama askari!"

Jumatano asubuhi uwanja wa shule ulifurika. Kampuni ya Kwanza upande wa kushoto na ngoma zao, sisi kulia, mikono mitupu, tumenuna. Jukwaani Mheshimiwa Ghansah na wageni wa mkoani. Kwenye kiti cha dhahabu ya kupaka, Mwalimu Pratt, kofia ya manyoya imemlemea, anaonekana anatamani ardhi impasukie.

Inspekta aliingia na Ekow, pingu mkononi, miguu peku. Watu wetu walinguruma. Mheshimiwa akainuka. "Vizuri! Mwizi yupo. Bendera iko wapi?"

"Kabla ya hapo, mheshimiwa, sheria inanitaka nimuulize mwenye mali." Akageuka. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, lakini uwanja ulikuwa umenyamaza, tuliisikia mpaka golini. "Supi Bondzie. Umetia sahihi kwamba bendera ya Kampuni ya Pili imeibiwa. Imeibiwa?"

Mzee alimtazama mkuu wa wilaya. Akatutazama sisi. Na wakati huo huo, kutoka upande wa majiko, Nana Ekua akaanza kuukata uwanja, polepole, wima, amevua shali, amejifunga bendera juu ya nguo zake.

"La," alisema Supi Bondzie. Kisha kwa sauti ya vita: "La! Haikuibiwa! Ile inakuja!"

Inspekta alifungua pingu. Ekow hakusubiri. Alimfikia Nana katikati ya uwanja, akapiga goti mbele yake, mbele yake tu, akapokea ncha iliyochungulia kiunoni. Nana akaanza kuzunguka. Alizunguka taratibu, mikono juu, kama bibi harusi, na kila alipozunguka bendera ilitoka. Simba wa kushonwa alitoka, ngome ikatoka, mwisho ikatoka ile pembe yenye nyota nyeusi. Nana akabaki na nguo zake nyingine mbili, jasho na meno yote nje.

Fimbo ililetwa. Ekow akaruka.

Sitaeleza alivyocheza. Asiyekuwepo na lake halipo. Nitasema tu kwamba ngoma zetu zilikuwa zimeachwa nyumbani, maana tulikuja tukijua tumeshindwa, na kijana alicheza hatua za mwanzo bila mlio wowote. Ndipo upande wa kushoto Supi Kojo Essel akainua mkono, na ngoma ya Kampuni ya Kwanza ikampigia mchezaji wa Kampuni ya Pili. Jambo hilo halijawahi kutokea Mpoano. Nililia, na aliyekuwa karibu nami alilia, na yeye ni wa Kampuni ya Kwanza.

Ekow alifika mbele ya kiti cha dhahabu. Bendera ikashuka, ikashuka, karibu na vumbi, Mheshimiwa akaanza kutabasamu. Kisha ikapaa juu ya kichwa cha gavana, wima, ikasimama hapo. Mwalimu Pratt akainuka kitini. Akavua kofia ya manyoya, akaishika kifuani, na hakukaa tena.

Mheshimiwa Ghansah alimfikia Inspekta, uso umevimba. "Nilitaka mwizi! Utaandika nini katika ripoti yako?"

"Kwamba hakuna mwizi, mheshimiwa. Nguo ilikuwa mwilini mwa mtu wake."

Hakumngoja ajibu. Alikuwa anatazama juu, sote tulikuwa tunatazama juu. Jua lilikuwa limekaa nyuma ya ile pembe, na kuizunguka nyota nyeusi matundu ya sindano ya zamani yalikuwa yanapitisha mwanga, mstari kwa mstari. Inspekta Araba, binti wa Kampuni ya Kwanza, alisimama wima, akaipigia saluti bendera yetu.

Nikamrudishia mimi, kwa niaba ya kampuni.